Kona ya Kusini

Mke wangu alicheka siku niliyomwambia nataka kustaafu. Alikuwa kwenye cherehani yake, barazani pa duka la vitambaa pale Chikongola, mjini Mtwara, anapinda shuka la mteja. Hakuinua hata kichwa.

"Unastaafu nini, baba watoto? Nani alikuajiri?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kupumzika chini ya mti nilioupanda mwenyewe. Nilikuwa utingo wa malori ya Tunduru na Songea. Nililinda ghala Mbeya. Niliuza vipuri vya baiskeli Dar es Salaam, nikarudi Mtwara, nikaondoka tena. Nikiwa Mbeya nilikuwa nasikia harufu ya mabibo yaliyoiva mahali ambapo hakuna mkorosho hata mmoja. Nikiwa Mtwara nilikuwa nautamani ukungu wa Mbeya, na mahindi ya kuchoma unayokula huku mikono inatetemeka kwa baridi. Mke wangu husema nina ugonjwa wa shingo: natembea kwenda mbele huku nimetazama nyuma.

Lakini nilikuwa nimeshapita arobaini. Goti la kulia lilikuwa linajua mvua kabla ya mawingu. Watoto wetu wawili walikuwa wameshajitegemea. Nilitaka shamba, mahali ambapo jembe nililoliegemeza ukutani jioni nitalikuta palepale asubuhi, na mimi nitakuwa palepale.

"Sikatai," mke wangu alisema, sasa akiwa ameinua kichwa. "Hata mimi mjini nimechoka. Ila nikwambie kitu, na unisikie vizuri. Mimi nahama mara moja tu. Nitapakia cherehani yangu, nitashuka nayo huko utakakonipeleka, na sitaipakia tena. Ukichagua vibaya, utabaki na shamba lako. Mimi nitarudi kwa watu wangu Mikindani."

Akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Nilikuwa naijua sauti ile. Alikuwa nayo siku aliyokubali kuolewa na mimi.

Kuna jambo ambalo yeye alilijua kabla mimi sijalisema, na pengine kabla sijalijua. Kaka yangu, aliyenitangulia tumbo moja, alikuwa fundi mwashi. Alivuka Ruvuma kwenda kuwajengea watu nyumba upande wa Msumbiji, kama walivyovuka wengi wa kwetu. Sisi mto ule hatukukua tukiuona kama mpaka. Mjomba alioa ng'ambo, bibi alizikwa ng'ambo, na watu wa kule walikuja kwetu kwenye ngoma na misiba bila kuulizwa. Kaka alikuwa anarudi kila Idi, bega la kushoto limeshuka kwa sababu ya kubeba mifuko ya saruji upande mmoja tu tangu ujana. Ukimwona kwa nyuma ungedhani ameegemea ukuta usioonekana.

Alikuwa na mzaha wake. Akipiga simu, kila mara kwa simu ya mtu mwingine, mwisho wa maongezi alikuwa anamwambia mama, "Niwekee mabibo." Kila mtu wa Mtwara anajua kwamba bibo haliwekwi. Ukiliokota leo, kesho limechacha, keshokutwa ni nzi tu. Mama alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Baadaye mambo ya ng'ambo yakaharibika. Sitasema zaidi ya ninavyojua, na ninachojua ni kidogo. Watu walikimbia na vijiji vikabaki vitupu. Waliovuka kuja upande wetu wakiwa na watoto mgongoni niliwauliza mmoja mmoja, nikionyesha bega langu la kushoto na kulishusha. Wengine walisema walimwona kwenye nyumba fulani akijenga. Wengine walisema labda ni huyo, labda siye. Simu za watu aliokuwa akiazima zilikuwa hazipatikani.

Mashehe walisema tukitaka tunaweza kumsomea hitima. Mama alikataa. "Msimsomee mtu aliye hai," alisema. "Mtamfungia njia." Kila msimu, kuanzia hapo, alikuwa anachagua mabibo mazuri, mekundu, anayaweka kwenye bakuli juu ya kabati, na kesho yake anayamwaga nyuma ya nyumba. Alifariki msimu haujaanza. Bakuli lilikuwa tupu, limeoshwa, limefunikwa.

Tangu wakati ule nimekuwa nauona mgongo wa kaka. Nauona stendi, nauona sokoni, nauona kwenye foleni ya kuuza korosho. Nimewahi kumfuata mtu mjini kutoka sokoni mpaka karibu na bandari, na alipogeuka alikuwa na ndevu na jicho moja bovu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nilipoanza kutafuta shamba.

Dalali alitupeleka Madimba kwanza. Alikuwa mtu mnene, mwenye miwani ya jua aliyoiweka juu ya kofia na hakuishusha hata jua lilipowaka. Alitembea mbele yetu akifungua mikono kama mtu anayeonyesha nyumba yake mwenyewe.

"Hapa, njomba, umefika. Barabara hii hapa. Umeme ule pale. Mtambo wa gesi ukiwaka taa zake, hata ukidondosha sindano usiku unaiokota."

"Na huo mngurumo?" mke wangu aliuliza.

"Mngurumo gani, shemeji?"

Tulitega masikio. Ulikuwepo, chini kabisa, kama mtu anayesaga nafaka nyumba ya mbali.

"Ah, huo! Huo baada ya wiki husikii tena. Mimi mwenyewe siusikii."

"Ndiyo maana unaongea kwa kupiga kelele," mke wangu alisema.

Dalali akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Shamba lenyewe lilikuwa zuri, muhogo ulikuwa umesimama vizuri. Lakini mke wangu alisema hawezi kuzeeka kwenye mwanga wa taa ambayo hana swichi yake. Mimi nilikubali haraka. Akanitazama, kwa sababu huwa sikubali haraka.

Tulikwenda kijiji cha Ziwani. Udongo wake mwekundu wenye mchanga, visima havina chumvi, mikorosho ya umri wa kati, majirani wakulima wanaosali na kupalilia na kugombana kuhusu mbuzi. Mke wangu aliinama, akachota udongo, akaunusa. Alimuuliza mama mmoja kama kuna fundi wa nguo pale kijijini. Aliambiwa yupo mmoja, lakini suruali zake zina mguu mmoja mrefu. Nilimwona akitabasamu peke yake.

"Unaonaje?" aliniuliza.

"Bahari iko mbali," nilisema.

"Wewe umekuwa mvuvi lini?"

Siku iliyofuata nilimpigia dalali simu na kumuuliza kama ana kitu karibu na mlango wa Ruvuma.

Alikuwa nacho. Kule, alisema, mashamba yanapatikana kwa urahisi tangu watu walipoanza kuhamia juu, mbali na mto, kwa hofu. Mwenye shamba alikuwa bwana mmoja mpole aliyehamia mjini kwa binti yake na hakutaka kulala tena kule.

Tulikwenda kwa pikipiki yangu, mke wangu nyuma, mkono wake umeshika mkanda wangu. Ilikuwa kiangazi, mikorosho inatoa maua, na hewa yote ilikuwa na ule utamu mzito unaokaa kooni. Kitongoji kilikuwa na nyumba ambazo milango yake ilifungwa kwa waya. Kwenye nyumba moja kibuyu cha kuchotea maji kilikuwa bado kimeninginia kwenye kigingi nje ya mlango, mtambaa wa mbungo umekizunguka. Mahali pengine palikuwa na meko, mafiga matatu, na katikati ya mafiga umeota mchicha mrefu. Watu waliobaki walitusalimia kwa adabu na kutazama viatu vyetu.

Shamba lilikuwa kwenye mwinuko. Ukisimama juu unaiona mikoko, halafu maji mapana ya rangi ya chai ya maziwa, halafu mstari wa kijani. Ng'ambo. Nilisimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini shingo yangu ilinyooka. Nilikuwa natazama mbele.

"Zuri?" dalali aliuliza.

"Zuri," nilisema.

Mke wangu alikuwa hatazami maji. Alikuwa ananitazama mimi.

Tulirudi siku nyingine kwa ajili ya mpaka. Kule shamba haliuzwi kwa karatasi peke yake. Karatasi inakuja baadaye. Kwanza mnapita mpaka. Mwenyekiti wa kitongoji anatangulia, muuzaji na mnunuzi wanafuata, na kila jirani anakuwa amesimama kwenye kona yake, mguu mmoja ndani ya shamba lake, mguu mmoja ndani ya shamba linalouzwa. Mwenyekiti anataja jina lake kwa sauti, ingawa wote mnamwona. Yeye anaitika, "Nipo." Unampa mkono, na kona hiyo imekubalika. Kona isipoitikiwa, shamba haliuzwi. Kama jirani hayupo, ndugu yake anasimama badala yake. Sijaona jambo hilo limeandikwa popote, lakini sijaona anayelivunja.

Kona ya kwanza alikuwa mzee mwenye fimbo.

"Nipo," aliitika. "Mimi nipo, ila mbuzi wangu hawajui mpaka. Hilo ulijue kabisa."

"Na mimi nina panga," nilimwambia.

"Panga la kukatia nini?"

"Pilau."

Watu wakacheka, mzee akanipa mkono na kuubana. Kona ya pili ilikwenda vizuri pia. Kisha tukashuka kona ya kusini, upande wa mto, na mwenyekiti akataja jina la mwanamume.

Mwanamke ndiye aliyetoka kwenye mikorosho. Alikuwa amefunga kanga kiunoni na ameshika ufagio wa chelewa. Akaweka mguu mmoja upande wetu.

"Hayupo," alisema. "Mimi nipo."

"Ni dada yake," mwenyekiti aliniambia.

Nilimpa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu, cha kazi. Ningenyamaza hapo, lakini sikuweza.

"Yuko wapi?"

"Alivuka kwenda harusini," alisema. "Hajarudi."

"Tangu lini?"

"Mikorosho imezaa, ikazaa tena."

Nyuma yake lilionekana shamba la huyo kaka yake, na ndipo nilipoelewa ufagio ule ulikuwa wa nini. Chini ya kila mkorosho palikuwa peupe, pamefyekwa na kufagiwa kama uwanja wa msikiti. Korosho haichumwi mtini. Inaiva na kuanguka yenyewe, na unaiokota chini. Kwa hiyo kabla ya msimu kila mtu anasafisha chini ya mikorosho yake. Lakini hapo msimu ulikuwa bado mbali, maua yalikuwa hata hayajaanza kufunga, na mashamba mengine yote, hata ya walio hai na wenye nguvu, yalikuwa bado yana majani.

Mke wangu ndiye aliyeuliza. "Mbona mapema hivi, dada?"

"Nkorosho usiposafishwa chini, msitu unaingia," yule mwanamke alisema. Alikuwa na ile n ya kwetu, ya watu wa bara ya Mtwara. "Msitu ukiingia, ntu anapita, anasema shamba hili halina mwenyewe. Akishasema mmoja, wanasema wote. Mimi nafagia ili wasiseme."

"Unaamini atarudi?"

Yule mwanamke aliuangalia ufagio wake kana kwamba jibu lilikuwa limefungwa pale pamoja na chelewa.

"Siamini, wala siachi kuamini. Nafagia."

Tukapanda kona ya mwisho. Hapo mwenyekiti huwa anamuuliza mnunuzi swali moja mbele ya watu wote, ili baadaye wasije wakagombana ndugu. Alikuwa mtu wa makamo, sauti yake ya upole.

"Sasa njomba, mipaka umeiona na majirani umewaona. Sisi binadamu. Ukianguka wewe hapa shambani, tumwite nani?"

Nilitaja jina la kaka yangu.

Sikulifikiria. Lilitoka lenyewe, kamili, na jina la baba yetu nyuma yake. Mwenyekiti akalirudia polepole, kama anavyofanya ili kila mtu alisikie.

"Yuko wapi huyo?"

"Ng'ambo," nilisema.

Yule mzee mwenye mbuzi alikohoa. Mwenye shamba akatazama chini. Mwenyekiti alifunga macho kidogo, akayafungua.

"Ng'ambo wapi, njomba? Anafanya nini?"

"Sijui. Alikuwa anajenga nyumba. Hatujui aliko."

"Basi tungoje kwanza," alisema. "Simkatalii mtu. Mimi mwenyewe nina damu yangu ng'ambo. Lakini siku hizi hapa kwetu, mtu akisema ana ndugu kule na hajui anafanya nini, watu wanashindwa kulala. Niache nikae na wenzangu."

Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Hakuwa karibu nami tena. Alikuwa ameshateremka kona ya kusini, ameuchukua ule ufagio, na alikuwa anafagia chini ya mkorosho wa mtu asiyemjua, huku yule mwanamke akiokota vijiti mbele yake. Walikuwa wameinama wote wawili. Niliwaona wakiongea, lakini kutoka nilipokuwa sikusikia neno, na mpaka leo sijamuuliza.

Njiani hakunishika mkanda. Alishika chuma cha nyuma. Tulipofika kwenye mchanga mwingi nikapunguza mwendo, akasema sikioni mwangu:

"Umemtaja."

"Niliteleza ulimi."

"Hukuteleza. Mimi nimekuzalia watoto wawili. Nimekungoja ulipokuwa Tunduru, nimekungoja ulipokuwa Mbeya. Leo umeulizwa ukianguka aitwe nani, umemwita mtu asiyeitika. Na mimi nimesimama hapo, nina miguu, nina masikio."

"Nisamehe."

"Sikudai msamaha. Nataka kujua unatafuta shamba, au unatafuta mtu. Kama ni mtu, sema. Nitakusindikiza kumtafuta hata kesho. Lakini usinihamishe nikakae kwenye kituo cha kungojea na kuniambia ni nyumba."

Baada ya hapo hatukulizungumza. Aliendelea na nguo zake, mimi na vibarua vyangu. Nyumba ilikuwa na adabu mno. Alikuwa ananipa chai, anauliza kama sukari inatosha.

Kisha mwenyekiti alipiga simu. Walikaa na majirani, hawana neno na mimi, nikitaka niende tumalize. Sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Yule mzee wa mbuzi ndiye aliyekutetea," alisema. "Anasema ntu anayeficha hasemi ng'ambo mbele za watu."

Kwa hiyo sasa hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Kama ningelikosa shamba lile, ningelikosa kwa kutaka mwenyewe.

Nilikwenda peke yangu, asubuhi, nikamwambia mke wangu nakwenda. Alisema, "Haya." Nilipofika sikumtafuta mwenyekiti kwanza. Nilipanda juu ya mwinuko nikakaa. Maji yalikuwa yametulia. Ng'ambo palikuwa mstari wa kijani, na juu yake moshi mwembamba, wa mtu anayepika au anayechoma majani, au usiokuwa wa mtu. Niliutazama moshi ule mpaka nikaanza kuujengea nyumba chini yake, na ndani ya nyumba fundi aliyelala kwa homa, na nje ya mlango ndoo ya saruji iliyogandia mwiko wake. Niliona kila kitu. Jua lilikuwa limepanda na nilikuwa sijasogea.

Ndipo mwanamume akapita chini, kwenye njia ya kwenda mikokoni. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka.

Niliinuka. Goti halikuniuma. Nilishuka mbio kati ya mikorosho, nikavuka kona ya kusini bila kuiona, nikaingia njia ile. Alikuwa anatembea haraka. Sikumwita kwa jina, sijui kwa nini. Nadhani niliogopa kwamba hataitika. Nilimfuata mpaka udongo ukaanza kuwa tope na miguu ya mikoko ikaanza kutokeza. Simu iliita mfukoni, nikaiacha. Iliita tena. Yule mtu akasimama, akageuka. Alikuwa amebeba kamba nzito ya kufungia mashua kwenye bega la kushoto, imening'inia kifuani. Aliihamishia kulia na mabega yake yakawa sawa.

"Njomba," alisema, "unanitafuta mimi?"

"Hapana. Samahani. Nimekufananisha."

"Na nani?"

"Na mtu."

Alinitazama, mimi mtu mzima mwenye tope mpaka magotini. Huruma ilimwingia usoni kabla hajaificha.

"Hapa wengi wananifananisha," alisema. "Wiki haipiti." Akaenda zake.

Hilo ndilo lililonigusa. Siyo kwamba hakuwa yeye. Nilikuwa nimeshazoea kwamba siye. Ni kwamba kulikuwa na wengine juu ya mwinuko ule, kwenye nyumba ambazo milango haikufungwa kwa waya, wanaotazama mgongo uleule na kuteremka mbio. Nilijiona mimi mwenyewe, mzee, jembe limelala shambani, chakula kimepoa, natoka tope la mikokoni kila wiki. Na mke wangu kwenye cherehani, anashona kwa watu ambao hawapo.

Nilitoa simu. Ni yeye aliyekuwa amepiga. Nikampigia.

"Umeshamaliza?" aliuliza.

"Ule udongo wa Ziwani ulinukiaje?"

Nilisikia cherehani ya jirani yake ikikimbia, ikasimama.

"Ulinukia kama mvua," alisema.

Niliwaaga watu wa kitongoji kile. Mwenyekiti alisikitika, lakini alinielewa kabla sijamaliza. Yule mwanamke wa kona ya kusini nilimkuta anafagia. Nilimwambia hatutakuwa majirani. Alisema, "Msalimie dada," na hakuacha kufagia.

Ziwani nako wanapita mpaka. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mama mmoja mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia watu shambani. Alitupitisha kaskazini, akatupitisha mashariki. Majirani waliitika, mmoja akamuuliza mke wangu kama kweli anajua kushona, maana wameshachoka na suruali za mguu mmoja mrefu. Upande wa kusini shamba linaishia kwenye bonde la maji ya mvua, lisilo na mwenyewe. Kwenye kona hiyo upo mkorosho mmoja mkubwa, mzee, matawi yake yamegusa chini na kuinuka tena.

"Hapa hapana jirani," mwenyekiti alisema. "Kusini ni bonde, na bonde haliitiki. Twendeni."

"Hapana, mama," mke wangu alisema. "Ita."

"Nimwite nani, mwanangu?"

Mke wangu akataja jina la kaka yangu, kamili, na jina la baba yetu nyuma yake. Tangu mama alipofariki sikuwahi kulisikia kinywani mwa mke wangu.

"Huyo ni nani?"

"Shemeji yangu. Hajulikani aliko."

"Ana ardhi huku?"

"Hana. Ana kona."

Mama yule alinitazama. Nilikuwa nimeshika tawi la mkorosho. Kisha akawatazama majirani, na hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna nyumba upande wetu ambayo haina mtu aliyevuka. Akajiweka sawa, akavuta pumzi, akaita. Aliita kwa ile sauti yake ya shambani. Jina likashuka bondeni, likaenda kusini, upande uliko mto. Sote tukangoja. Hata mwenyekiti alingoja, ingawa hakuwa na sababu. Upepo uligeuza majani ya mkorosho, ukayaacha. Mimi niliitazama njia ya bondeni, na sitasema kwamba sikuona kitu kikisogea.

Mke wangu alivua kandambili, akaweka mguu mmoja ndani ya shamba letu na mguu mwingine upande wa bonde.

"Hayupo," alisema. "Mimi nipo."

Nilimpa mkono, kama inavyotakiwa. Alinibana vidole mpaka vikauma.

Tulimwacha pale, tukapanda na mwenyekiti kwenda kona ya mwisho, na akaniuliza lile swali mbele ya watu. Nikianguka mimi hapo shambani, wamwite nani?

Nilitaja jina la mke wangu.

"Yuko wapi?" aliuliza, kwa sababu ndivyo inavyoulizwa.

Nikaonyesha kwa mkono. Alikuwa bado amesimama kona ya kusini, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Alikuwa ameshavunja tawi lenye majani na ameinama, anafagia chini ya mkorosho.